Igeuze fremu kabla ya kuuliza bei

Fremu ndiyo baiskeli. Tairi, rimu, cheni, siti, pedeli na usukani hubadilishwa kimoja kimoja, mpaka siku moja unajikuta kilichobaki kutoka dukani ni yale mabomba tu yaliyoungwa pamoja. Ndiyo maana namba ya baiskeli hugongwa kwenye fremu. Na ndiyo maana mwizi anayeijua kazi yake huanza kwa kuitenga fremu na vingine vyote. Magurudumu yanakwenda kwa fundi huyu, siti kwa yule, na fremu tupu inaishia kuning'inia kwenye msumari wa banda fulani, ikimsubiri mtu anayetafuta fremu peke yake.

Hivi karibuni mtu huyo nilikuwa mimi. Fremu yangu ilipasuka pale bomba la siti linapokutana na bomba la juu. Ikachomelewa, ikapasuka tena kando ya mshono, na fundi akaniambia wazi kwamba chuma kimechoka. Ninaishi Tanga, mji tambarare ambao baiskeli ni ya kila mtu: mwalimu, mvuvi, mama anayempeleka mtoto shule, mzee anayewahi swala ya alfajiri. Fremu za mtumba hapa hazikosekani. Nilipata mbili nzuri, kwa mafundi wawili tofauti, na hakuna aliyeweza kuniambia kwa hakika zilitoka wapi. Moja nimeinunua. Nyingine nimeikataa ingawa ilikuwa bora na bei yake ilikuwa chini, na watu wa nyumbani wananiuliza tofauti iko wapi, maana zote mbili hazikuwa na karatasi. Swali ni la haki na linastahili jibu refu.

Tuanze na karatasi. Anayesema usinunue baiskeli ya mtumba bila risiti haishi huku. Baiskeli ya Phoenix iliyonunuliwa na babu, ikaendeshwa na baba, leo inauzwa na mjukuu, haina risiti, na kumshuku huyo kijana kwa sababu hiyo ni kumdhulumu. Zamani halmashauri zilitoza ada ya baiskeli na mwenye nayo akapewa kibati cha kufunga kwenye fremu. Watu walikichukia kwa sababu kilikuwa kodi juu ya mguu wa maskini, na sioni wa kukililia, lakini kilipoondoka hakuna kilichokuja kuonyesha baiskeli ni ya nani. Kwa hiyo kukosa karatasi hakuniambii lolote. Ni hali ya kawaida ya karibu kila kitu tunachouziana.

Fremu niliyoinunua ni ya Kijapani, ya aina ile ambayo bomba la juu limeinamishwa chini ili hata aliyevaa sketi au kanzu apande bila tabu. Kwenye bomba la siti bado ina stika ndogo, njano iliyofifia, yenye maandishi ya Kijapani na mstari wa namba. Wengi wetu huibandua tukidhani ni tangazo la kiwanda. Sivyo. Tangu 1994 sheria ya Japani inamtaka kila mwenye baiskeli aisajili, na duka linalouza hubandika stika yenye namba inayoingia kwenye kumbukumbu za polisi wa mkoa. Tokyo kumbukumbu hizo hutunzwa miaka 10. Polisi wa doria anaweza kukusimamisha barabarani, akasoma namba na kuuliza kama jina lako ndilo lililoandikwa.

Sasa inakuwaje baiskeli iliyosajiliwa kwa polisi wa Japani inafika Ngamiani, hapa Tanga? Kule watu huacha baiskeli. Mtu anaiegesha karibu na kituo cha treni, anahamia mji mwingine, harudi kuichukua. Manispaa huzikusanya na kuzipeleka kwenye yadi, hutangaza, na mwenyewe asipotokea ndani ya miezi 6 umiliki unahamia kwa manispaa. Nyingine huuzwa kwa wafanyabiashara wanaozisafirisha nje, nyingine hutolewa msaada kwa nchi kama zetu. Waliosoma madrasa watakumbuka mlango wa kitu cha kuokota: unakitangaza mwaka mzima, na kama mwenyewe akija hata baada ya hapo, ana haki yake kwako. Wajapani wameweka miezi sita, lakini wazo ni lilelile. Mali iliyopotea mwenyewe haigeuki kuwa yako kwa sababu tu umeiona wewe. Kwanza mwenyewe apewe nafasi ya kusikia.

Siwezi kuapa kwamba fremu yangu ilipita njia hiyo. Kontena moja la futi 40 hubeba baiskeli mia nne na zaidi, zimebanana, usukani umegeuzwa ubavu, pedeli zimetolewa, na hakuna anayeandika historia ya kila moja. Inawezekana hii yangu iliibwa mtaani huko Osaka kabla ya kuingizwa kwenye kontena. Lakini hakuna aliyejaribu kuficha chochote. Stika ipo. Namba iliyogongwa kwenye chuma ipo. Kama kuna mtu anaitafuta baiskeli ile, njia ya kumfikisha kwangu bado iko wazi, na nimeinunua nikikubali hilo.

Kwa fremu zilizotoka Ulaya au Marekani unaweza kufanya zaidi, na simu ya mkononi inatosha. Polisi wa Uholanzi wana tovuti ambayo mtu yeyote anaingiza namba ya fremu na kuona kama imeripotiwa kuibwa. Marekani kuna Bike Index, daftari la bure lililoanza 2013, ambalo linapokea namba kutoka popote duniani. Ufaransa tangu 2021 imewalazimisha wauzaji kuweka alama ya utambulisho kwenye baiskeli mpya, na baadaye mwaka huohuo hata za mtumba zinazopitia madukani. Namba isipoonekana kwenye orodha hizo haina maana baiskeli ni safi, maana wengi wakiibiwa hawaripoti. Ila ikionekana, umepata jibu ukiwa umesimama palepale bandani, kabla hujatoa hela.

Fremu ya pili ndiyo iliyoleta ubishi nyumbani. Ilikuwa ya alumini, ya baiskeli ya milima, nyepesi kiasi kwamba unaiinua kwa vidole viwili. Ilikuwa imepakwa rangi nyeusi kwa brashi. Rangi peke yake hainishtui, kwa kuwa upepo wa chumvi hapa unakula kila kitu na kila mwenye baiskeli hupaka upya. Nilichofanya ni kuigeuza juu chini, kwa sababu namba za baiskeli nyingi hugongwa pale chini kabisa, panapopita ekseli ya pedeli. Nikapitisha kucha. Kuzunguka bomba lote rangi ilikuwa na vinundu vya brashi, lakini sehemu moja, upana wa vidole viwili hivi, ilikuwa bapa. Nikaomba kitambaa na petroli kidogo. Rangi ilipotoka, zikaonekana alama za tupa, mistari myembamba yote imelala upande mmoja, na pembeni kabisa nusu ya tarakimu ambayo tupa haikuifikia. Inaweza kuwa 3, inaweza kuwa 8.

"Fundi, namba imekwenda wapi?"

"Hiyo ilichomelewa, kaka. Ikasawazishwa."

Kuchomelea kunaweza kweli kula namba, na nimeona fremu za namna hiyo. Lakini panapochomelewa hubaki mshono. Hata ukisagwa vipi, ukiuinamisha kwenye mwanga unauona, na mara nyingi chuma kimebadilika rangi. Hapa hapakuwa na mshono. Tupa ilipita penye namba na haikupita popote pengine. Nikamwuliza nani aliileta. Akasema vijana. Vijana gani? Vijana tu, wanapitaga.

Sikumwita mwizi na siamini kwamba ni mwizi. Nilimrudishia fremu yake, nikamwambia hii siichukui, na nikamweleza kwa nini.

Hili ndilo ninalotaka lieleweke. Shaka si kitu cha namna moja. Kuna shaka inayotokana na kutojua, na hiyo tunaishi nayo sote. Shati la mtumba ulilovaa hujui lilivaliwa na nani. Na kuna shaka inayotokana na alama iliyoachwa na mkono wa mtu aliyekuwa akificha. Aliyeshika tupa alikaa chini, akatumia muda wake, kwa lengo moja tu: mwenye mali asiweze kusema hii ni yangu. Ukinunua fremu ile unaikamilisha kazi yake. Kutojua kwako hakukuondoi hapo, maana tupa imeshakwambia.

Wazee wa pwani wana neno kali juu ya jambo hili: cha mtu mavi. Halikusemwa kwa kuwa cha mtu ni kibaya. Kinaweza kuwa kizuri sana, na hapo ndipo penye mtihani.

Nina sababu ya kulishika hili kwa nguvu, na sababu hiyo ni mjomba wangu. Alikuwa akichukua samaki Deep Sea, soko la samaki la hapa Tanga, asubuhi na kuwazungusha Ngamiani na Makorora kwa Phoenix yake, tenga limefungwa kwenye keria aliyoiimarisha mwenyewe kwa nondo. Ijumaa moja aliiacha nje ya msikiti, akatoka haikuwepo. Wasiofanya biashara ya samaki hawajui maana yake. Kwa miguu hufiki mbali kabla jua halijapanda, na samaki hawasubiri. Akawa anauza karibu karibu, anabaki na mzigo, anaugawa kwa bei ya hasara jioni. Mtaji ukapungua kidogo kidogo mpaka akawa anachukua nusu ya alichokuwa akichukua. Mtoto wake mmoja alikaa nyumbani muhula mzima.

Baadaye sana akaiona. Ilikuwa imebeba mkaa, imepakwa bluu, keria ya nondo imetolewa, usukani mwingine, magurudumu mengine. Aliitambua kwa jinsi bomba la mbele lilivyobonyea kidogo. Hakupiga kelele. Namshukuru Mungu kwa hilo, na nitaeleza. Alimfuata yule bwana kwa utulivu, akamsalimia, akamwomba wapite kwa mwenyekiti wa mtaa. Kule akatuma mtu nyumbani kuchukua daftari lake la hesabu za samaki. Kwenye jalada la nyuma, tangu siku aliyoinunua, alikuwa ameandika namba. Mwenyekiti akakwangua rangi ya bluu kwa kisu na kusoma kwa sauti, tarakimu moja baada ya nyingine, huku mwingine akifuatisha kwenye daftari.

Ililingana. Yule bwana wa mkaa hakubisha. Alisema aliinunua kwa fundi, akamtaja. Fundi akaitwa, akasema aliinunua kwa kijana, na kijana hakuwa akionekana tena mjini. Mjomba alirudishiwa baiskeli yake, na haki ilikuwa upande wake kabisa. Yule bwana alirudi Pongwe kwa miguu, magunia yake yakabaki ofisini kwa mwenyekiti. Naye alikuwa na watoto. Naye alikuwa amekusanya hela ile kidogo kidogo. Mimi nilikuwa kijana na nilitaka kumchukia, lakini ukimtazama usoni ulishindwa.

Sheria yetu inasema vivyo hivyo, bila kumtazama mtu usoni. Kwa kawaida asiye mwenye mali hawezi kukupa umiliki ambao yeye mwenyewe hana, hata kama ulimlipa vizuri na kwa nia njema. Uingereza, ambako sheria zetu nyingi za biashara zilirithiwa, waliwahi kuwa na utaratibu mwingine wa ajabu kidogo: ukinunua kitu kwa nia njema kwenye soko la wazi linalotambuliwa, mchana kweupe, kinakuwa chako hata kama kiliibwa. Waliufuta Januari 1995, baada ya kuona wezi wameugeuza kuwa mahali pa kusafishia mali. Kwa upande wa jinai, Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kifungu cha 311, inamgusa anayepokea mali ya wizi akijua au akiwa na sababu ya kuamini kwamba imeibwa. Tazama maneno hayo ya mwisho. Huulizwi ulijua nini tu. Unaulizwa pia ulikuwa na sababu gani ya kuamini, na namba iliyopigwa tupa ni sababu ambayo hakimu yeyote ataielewa.

Ila sheria si kitu ninachokiogopa zaidi. Ninachokiogopa ni ile kelele ambayo mjomba hakuipiga. Sote tunajua nini hutokea mtaani mtu akinyooshewa kidole na kuitwa mwizi. Hakuna anayesubiri daftari. Mawe na matairi hufika kabla ya mjumbe. Fremu ya wizi ukiiweka nyumbani, hutaiendesha wewe peke yako. Utamtuma mwanao dukani. Utamwazima shemeji. Mdogo wako atakwenda nayo mechi huko Mikanjuni. Na mwenye baiskeli anaweza kuwa popote kati ya hapo na pale, na uchungu wake ni wa kweli. Watu hufikiri kununua kitu chenye mashaka ni kuweka roho yako mwenyewe rehani. Hii unaweka na ya mtoto uliyemtuma chumvi.

Dada yangu, ambaye hanionei haya, aliniambia: "Wewe usipoinunua atainunua mwingine. Fremu haitarudi kwa mwenyewe kwa sababu umekataa." Ni kweli, na hoja hiyo nimeizungusha kichwani sana. Kukataa kwangu hakumrudishii mtu baiskeli. Lakini tazama bei. Ile fremu ya alumini ilikuwa ikiuzwa kwa bei ya kutupa kwa sababu aliyeileta alitaka kuiachia haraka, na fundi aliipokea kwa sababu anajua wapo watakaoichukua bila kuigeuza. Kila mnunuzi anayeigeuza, akaona alama za tupa na kuirudisha msumarini, anamfundisha fundi kwamba mali ya namna hiyo itamkalia. Mwizi wa baiskeli haendeshi anachoiba. Anakiuza, na asiye na pa kukiuza hana sababu ya kusimama nje ya msikiti Ijumaa.

Wapo walioniuliza kwa nini sikwenda polisi. Sikuwa na mlalamikaji, sikuwa na namba, na fundi yule ana familia inayomtegemea. Kumpeleka mtu kituoni kwa nusu ya tarakimu ni jambo ambalo sikuona nina haki nalo. Ningekuwa nimesikia kwamba kuna mtu mtaani ameibiwa alumini nyeusi au ya rangi yoyote, ningemfuata mtu huyo na kumwelekeza kwa mjumbe. Nimeuliza kwa watu wa baiskeli ninaowajua na ninaendelea kuuliza.

Hii ya Kijapani, kwa upande wake, niliinunua kwa utaratibu ambao kila mtu anauweza. Nilimwambia fundi, mzee aliyenizidi umri sana, "Shikamoo baba, naomba tuandikiane." Akasema hana neno. Tukachukua karatasi ya daftari, tukaandika jina lake, jina langu, tarehe, bei, rangi ya fremu, namba iliyogongwa na namba ya kwenye stika. Jirani wa banda la pili akasaini kama shahidi. Kisha tukapita kwa mjumbe, akaweka sahihi yake. Haikuchukua muda wa kuchemsha chai. Karatasi ile haithibitishi kwamba fremu ni halali tangu Japani. Inathibitisha kwamba sisi wawili hatukuwa tukimficha mtu, na kwamba akija anayeidai, kuna jina la kuanzia. Nimeona wauzaji wakikasirika ukiwaambia tuandikiane, wengine wanakumbuka ghafla kwamba kuna mteja mwingine anasubiri. Hapo huhitaji hata kuigeuza fremu.

Na kama una baiskeli, hata ya miaka mingi, leo jioni ilaze ubavu, futa grisi pale chini na uandike namba mahali ambapo hutapoteza. Namba ya mjomba ilikuwa kwenye jalada la daftari la samaki. Bila jalada lile, kwa mwenyekiti pangekuwa na watu wawili wanaoapa juu ya bomba lililobonyea.

Mzee aliyeniuzia amekubali kwamba kuanzia sasa ataandika namba ya kila fremu inayoingia bandani kwake, pamoja na jina la aliyeileta na simu yake. Fremu isiyo na namba, na isiyo na mshono wa kuchomelea unaoeleza kwa nini, hataipokea. Tunachobishania bado ni magurudumu. Anasema rimu hazina namba, na akianza kumhoji kila anayeleta rimu itabidi afunge banda. Kwa rimu sina jibu zuri. Nimemwomba tu asipokee jozi inayoletwa na mtoto aliyevaa sare ya shule bila mzazi wake kuwepo, na amesema hilo atalifikiria.